Kijani cha Bogoria: Ni chakula au ni sumu?

Mzee mmoja anayeuza vipuri vya magari katika barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi alifika kliniki yangu hivi majuzi kwa ukaguzi wake wa kawaida. Amekuwa na homa ya ini aina ya B kwa miaka mingi, na kila baada ya miezi sita mimi humpima damu nione ini linaendeleaje. Mara hii matokeo hayakunipendeza. Kimeng'enya kimoja ambacho humwagika katika damu ini linapojeruhiwa kilikuwa kimepanda zaidi ya mara tatu ya kiwango cha kawaida, ilhali mara ya mwisho kilikuwa sawa kabisa.

Nikamuuliza maswali ambayo daktari yeyote huuliza. Pombe? Aliacha zamani. Dawa za kutuliza maumivu? Hatumii. Miti shamba? Hapo akasita kidogo.

"Si miti shamba, daktari. Ni spirulina tu. Hata nyinyi mnaiuza kwenye maduka ya dawa."

"Unayo hapo, mzee?"

Akatia mkono katika mfuko wa koti, akatoa chupa iliyokuwa ya jemu. Ndani mlikuwa na unga wa kijani kizito uliokaribia weusi, na nilipoutikisa niliona chembe za mchanga. Haukuwa na lebo wala tarehe. Mpwa wake, dereva wa matatu zinazokwenda Marigat, ndiye aliyemletea. Kijana huyo alikwangua utando unaoota kando ya chemchemi za maji moto katika Ziwa Bogoria, akauanika juani juu ya gunia, kisha akausaga. Alikuwa ameambiwa kwamba kitu hicho ndicho kinachouzwa mjini kwa maelfu ya shilingi, na kule ni bure.

"Ni ile ile, daktari. Inatoka ziwa lile lile ambalo flamingo wanakula na kunenepa."

Nilimwambia aache kuutumia siku hiyo hiyo, na nikaibakisha chupa. Lakini nilipobaki peke yangu nilijiuliza kama ningeweza kumthibitishia kwamba si ile ile. Kwa macho, kijani ni kijani. Hata kwa hadubini, mtu asiyezoea angeona nyuzi za kijani na kusema zinafanana. Swali la mzee yule limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka themanini, na jibu lake limepatikana kwa sehemu kubwa kwa kusoma chembe za urithi za viumbe hawa, yaani DNA yao.

VIUMBE WENYEWE

Msomaji aliyewahi kufika Bogoria anajua mandhari yake. Maji yanachemka yakiruka kutoka ardhini, mvuke umetanda, na watalii wanachemsha mayai papo hapo. Ziwa liko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajatimiza nyuzi 100. Pale yanapotokea hakuna rangi ya kijani. Lakini yakisha kutiririka hatua kadhaa na kupoa kidogo, utaona mawe yamevikwa utando unaoteleza, wa kijani, wa manjano au wa rangi ya kutu. Umejipanga kwa mistari kufuata joto la maji kana kwamba mtu alipaka rangi.

Utando huo ni mji wa bakteria. Wakuu wake ni sianobakteria, ambao zamani vitabu viliwaita mwani wa rangi ya buluu na kijani. Si mwani kwa kweli. Ni bakteria, ila wanajua kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula kama afanyavyo mmea. Wanaopenda joto zaidi miongoni mwao huishi katika maji ya hadi nyuzi 73 hivi. Kupita hapo hakuna kiumbe kinachojulikana kuweza kuishi kwa mwanga wa jua. Maji ya nyuzi 73 yatakuunguza mkono kwa nukta chache tu, ilhali wao ndipo wanapostawi.

Hewa ya oksijeni tunayovuta ilianza kujazwa duniani na mababu wa bakteria hawa zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Sina chuki nao. Shida yangu ni kwamba baadhi yao hutengeneza sumu kali, na huwezi kumtambua mwenye sumu kwa kumtazama.

KILICHOWAUA HEROE

Tangu miaka ya 1990 heroe wadogo, wale ndege wa waridi tunaowaita flamingo, wamekufa kwa maelfu mara kadhaa katika maziwa yetu ya Bonde la Ufa. Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Wengine walilaumu madini mazito kutoka viwandani, wengine dawa za kuua wadudu, wengine maambukizi ya bakteria wa jamii ya kifua kikuu cha ndege. Kisha mwaka 2003 kikundi cha watafiti kutoka Ujerumani na Kenya, wakiongozwa na Lothar Krienitz, kilichapisha uchunguzi wa utando wa chemchemi za Bogoria.

Waliyoyapata yanafaa kusomwa polepole na kila mwenye chupa kama ya mzee wangu. Katika utando ule mlikuwa na sumu za aina mbili. Ya kwanza ni mikrosistini, ambayo hushambulia ini. Ya pili ni anatoksini-a, ambayo hushambulia mishipa ya fahamu. Katika kila gramu moja ya utando mkavu walipima kati ya maikrogramu 221 na 845 za mikrosistini, na kati ya 10 na 18 za anatoksini-a. Maikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na pengine utadhani ni kitu kidogo. Basi tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mzima anaweza kuvumilia maikrogramu 0.04 za mikrosistini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mtu wa kilo 60, basi, ni maikrogramu 2.4. Gramu moja tu ya utando ule, hata ule uliokuwa na sumu kidogo zaidi, ingempa zaidi ya mara 90 ya kiasi hicho. Mzee wangu alikuwa akikoroga kijiko kizima katika uji kila asubuhi.

Katika matumbo ya flamingo waliokufa watafiti walikuta vipande vya bakteria wa chemchemi pamoja na sumu zote mbili. Ndege waliokuwa wakifa walionyesha dalili za mishipa ya fahamu, shingo zikipinda kuelekea nyuma na miguu kukakamaa. Chakula chao cha kawaida hutoka ziwani, lakini maji ya ziwa ni ya magadi makali, na kila siku ndege hao huhitaji maji yenye chumvi kidogo ili wanywe na kuosha manyoya. Maji hayo hupatikana karibu na chemchemi. Huko humeza vipande vya utando vilivyobanduka. Watafiti hawakudai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya vifo vyote. Walisema sumu hizo zilichangia.

Kwa hiyo hoja ya mzee kwamba flamingo wanakula na kunenepa ilikuwa nusu ya kweli. Wanachokula wakanenepa ni kingine.

JINA LILILOPOTOSHA

Hapa ndipo majina yanapoanza kuwa jambo la afya. Chakula cha flamingo katika Bogoria na Nakuru ni sianobakteria mwenye umbo la springi, aliyejulikana kwa miaka mingi kama Arthrospira fusiformis. Ndugu zake ndio wanaofugwa katika mabwawa, wakakaushwa na kuuzwa madukani. Ni chakula cha kale. Wakanembu wa kando ya Ziwa Chad huvuna kiumbe wa jamii hiyo na kumpika kama kitoweo tangu enzi za mababu zao.

Lakini wafanyabiashara wanamwita spirulina, kwa sababu zamani wataalamu wenyewe walimweka katika jenasi ya Spirulina, kwa kuwa wote wamejipinda kama springi. Baadaye ilibainika kwamba hao ni viumbe wa koo tofauti kabisa. Jina la kisayansi likabadilika, la dukani likabaki. Na sasa sikiliza: miongoni mwa wakazi wanne wakuu wa utando wenye sumu wa Bogoria, waliotajwa mwaka 2003, mmoja anaitwa Spirulina subsalsa. Huyo ni Spirulina halisi, na siye anayeuzwa katika vidonge. Mpwa wa mzee angeweza kuapa mahakamani kwamba alimletea mjomba wake spirulina ya Bogoria, na asiwe amesema uongo.

Mwaka 2019 wataalamu wa uainishaji walisoma jeni za Arthrospira wa kundi la flamingo, wakaona kwamba wanastahili jenasi yao peke yao, wakaiita Limnospira. Najua msomaji atachoka na majina haya. Hata mimi nilichoka nikiwa mwanafunzi wa udaktari. Lakini anayeandika lebo ya chupa anapaswa kuyajua.

KUTOKA HADUBINI HADI JENI

Zamani kazi ya kuwatambua viumbe hawa ilikuwa ya macho. Mwaka 1936 Mmarekani Joseph Copeland alichapisha kazi kubwa juu ya sianobakteria wa chemchemi za Yellowstone huko Marekani, akiwapanga kwa umbo, upana wa nyuzi na rangi. Ilikuwa kazi ya subira ya ajabu. Tatizo ni kwamba kiumbe mwenye umbo la kijiti kifupi hana mengi ya kuonyesha. Vijiti vya baharini, vya maziwa baridi na vya maji ya moto vyote viliingizwa katika jina moja, Synechococcus, kama vile mtu awaite watu wote warefu kuwa ni ukoo mmoja.

Mwaka 1990 David Ward na wenzake walifanya jambo jipya katika chemchemi ya Octopus, Yellowstone. Badala ya kujaribu kuwaotesha bakteria maabara, walitoa chembe za urithi moja kwa moja kutoka kwa utando na kusoma jeni moja ambayo kila bakteria anayo, ya urefu wa herufi 1,500 hivi, inayoitwa 16S. Ikadhihirika kwamba Synechococcus aliyekuwa ameoteshwa maabara kutoka chemchemi hiyo, na ambaye watu walimdhania ndiye mkuu wa utando, hakuonekana miongoni mwa wale waliosomwa. Aliyeoteshwa alikuwa ni yule anayekubali kukua katika chupa. Wenye mji walikuwa wengine.

Siku hizi hawaishii kwenye jeni moja. Wanasoma jenomu nzima, yaani maandishi yote ya urithi ya kiumbe. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walitangaza jenomu ya Thermosynechococcus kutoka chemchemi za Beppu. Ina herufi milioni 2.6 hivi, ilhali ya binadamu ina takriban bilioni 3. Kompyuta hulinganisha jenomu mbili, herufi kwa herufi. Zikifanana kwa wastani wa asilimia 95 au 96 na zaidi, viumbe hao huhesabiwa kuwa spishi moja. Zikipungua hapo, kila mmoja na spishi yake. Kwa ile jeni moja ya 16S mpaka ni kama asilimia 98.7, lakini haitoshi peke yake, kwani spishi mbili tofauti zinaweza kupita hapo zikishikana mikono. Kwa vipimo vya namna hii, mwaka 2020 wale vijiti wa Yellowstone waliondolewa katika jina la Synechococcus na kupewa jenasi mpya, Thermostichus.

Kuna jambo linalonifurahisha hapa kama daktari. Ili kusoma DNA, mara nyingi kwanza huzidishwa mara mamilioni kwa njia ya PCR, na njia hiyo huhitaji kuchemsha sampuli hadi nyuzi 95 tena na tena. Kimeng'enya cha kawaida kingeiva kama yai. Kinachotumika kilitoka kwa Thermus aquaticus, bakteria ambaye Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walimpata katika chemchemi za Yellowstone na kumpa jina mwaka 1969. Yeye si sianobakteria, bali ni jirani yao katika maji hayo ya moto. Kary Mullis aliyebuni PCR mwaka 1983 alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Na wewe uliyeingizwa kijiti puani mwaka 2020 kupimwa Covid-19, kipimo chako kilitegemea njia hiyo hiyo. Brock hakuwa akitafuta dawa wala kipimo. Alitaka tu kujua nani anaishi kwenye maji ya moto.

KUMTAFUTA MWENYE SUMU

Kwa daktari, faida kubwa ya jenomu si jina bali ni kuona kiumbe ana uwezo gani. Mwaka 2000 watafiti wa Australia na Ujerumani waliorodhesha jeni 10 zilizokaa pamoja ambazo sianobakteria Microcystis hutumia kuunda mikrosistini. Mwenye jeni hizo kamili anaweza kutengeneza sumu. Asiye nazo hawezi. Ndani ya spishi moja wamo wenye nazo na wasio nazo, kama ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja na kisu mfukoni na mwingine mikono mitupu. Ndiyo maana jina peke yake, hata likiwa sahihi, halikuhakikishii usalama. Takwimu za Bogoria za mwaka 2003 zilikuwa za utando mzima. Ukitaka kujua ni nani hasa ndani ya mji ule anayepika sumu, lazima usome jenomu zao na kutafuta jeni hizo.

Na wasiojali nao wasidhani Arthrospira yenyewe imesafishwa. Mwaka 2005 ilichapishwa kwamba aina iliyotolewa katika Ziwa Sonachi hapa Kenya ilikuwa na sumu zote mbili, ingawa kwa kiasi kidogo. Ndiyo tofauti kati ya kuvuna ziwani na kufuga katika bwawa safi kwa mbegu iliyochunguzwa. Huko Oregon, Marekani, serikali iliweka mwaka 1997 kikomo cha maikrogramu 1 ya mikrosistini kwa gramu ya bidhaa za mwani. Sampuli 87 zilipopimwa, 85 zilikuwa na sumu hiyo na 63 zilipita kikomo. Nyingi zilikuwa za mwani uliovunwa katika ziwa la asili, ambamo Microcystis alijichanganya bila kualikwa.

SUMU HUFANYA NINI MWILINI

Mikrosistini haiingii kila mahali. Ini lina milango ya kupitisha nyongo, na sumu hii hupita humo kwa ulaghai. Ikishaingia huzuia vimeng'enya vinavyodhibiti mifupa midogo ya seli, seli hulegea na kusambaratika, na damu huvuja ndani ya ini. Kwa kiasi kikubwa huua kwa siku chache. Mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walipata sumu hii kupitia maji yaliyotoka bwawa lenye sianobakteria. Wagonjwa 100 waliharibika ini, na zaidi ya 50 wakafa.

Kwa kiasi kidogo kidogo, kila siku, haina kelele. Mtu huhisi kichefuchefu, hamu ya chakula hupungua, tumbo huvuruga. Macho yakigeuka manjano na mkojo kuwa kama chai ya rangi, ini limeshaumia. Mwenye homa ya ini ya B au C, mnywaji wa pombe na mtoto mdogo wako katika hatari zaidi.

Anatoksini-a ni ya haraka. Hujifanya kama ujumbe ambao mshipa wa fahamu hutuma kwa msuli, lakini mwili hauwezi kuufuta ujumbe huo. Msuli hutetemeka, huchoka, na ikifika kwenye misuli ya kupumua ni balaa. Hakuna dawa maalumu ya kuiondoa sumu yoyote kati ya hizi. Sisi madaktari tunachofanya ni kumsaidia mgonjwa huku mwili ukijitetea.

Wengi huniuliza kama kuchemsha kutasaidia. Hakusaidii. Mikrosistini huvumilia maji yanayochemka, na haiharibiwi kwa kuanikwa juani. Ukichemsha maji yenye bakteria hawa unawapasua, na sumu iliyokuwa ndani yao inamwagika ndani ya sufuria. Wakazi wa Kisumu na vitongoji vyake walikariri hili, kwani rangi ya kijani inayotanda Ghuba ya Winam mara kwa mara ina Microcystis, binamu wa maji ya vuguvugu. Maji yakiwa kama rangi ya nyumba, usiyateke kwa kunywa wala usimwache mtoto aogelee humo.

Na wale wanaokwenda chemchemi kuoga kwa ajili ya baridi yabisi? Maji safi yanayotiririka, yaliyopoa kiasi cha kuvumilika, sina ugomvi nayo. Usijipake utando, usiyanywe, usizamishe kichwa, kwa sababu katika maji ya uvuguvugu huweza kuwamo amiba anayepita puani hadi ubongoni. Ni nadra, lakini karibu kila anayepatwa hufa.

Kwa wanaonunua spirulina ya dukani, msitupe chupa zenu kwa hofu. Tazama kama lebo inataja jina la kisayansi, Arthrospira au Limnospira, mahali ilipofugwa, namba ya kundi la uzalishaji na alama ya KEBS. Muulize muuzaji cheti cha kupimwa mikrosistini kwa kundi hilo. Akikutazama kama kwamba umemtukana, nunua maharagwe. Protini imo humo pia, na kwa bei nafuu. Ukiwa na ugonjwa wa ini mwambie daktari wako kila unachomeza, hata kama kinauzwa bila cheti cha daktari.

Mzee wa vipuri alirudi baada ya wiki sita. Kimeng'enya kilikuwa kimeshuka karibu na kawaida. Siwezi kuapa kwamba ni unga ule uliokipandisha, kwani homa ya ini ya B nayo huwa na vipindi vya kupanda na kushuka. Ili kujua ingebidi unga upimwe sumu, na maabara ninazopelekea vipimo vya wagonjwa wangu hazina kipimo hicho. Nilimwambia hivyo waziwazi.

"Basi nimwambie nini kijana, daktari? Ameniahidi kuleta nyingine mwezi ujao."

Nikamwomba ampigie simu mpwa wake pale pale ofisini, nizungumze naye mwenyewe. Kijana alisikiliza kwa adabu. Kisha akaniambia kwamba alikuwa amewapa chupa kama hiyo watu wengine wanne wa stendi, na mmoja wao ni mama mjamzito. Nikamtaka anitumie namba zao zote kabla hajaiondoa gari.